Mti Mpya wa Bunduki ya Babu

Baba yangu alinipigia simu nikiwa Ubaruku, nimeshika randa, vumbi la mbao limenijaa puani. Hakungoja hata shikamoo yangu. "Njoo," akasema. "Mchwa wamekula bunduki ya babu yako."

Nikamwambia mchwa hawali chuma.

"Nimekuambia njoo," akasema, akakata simu.

Ndivyo alivyo mzee wangu. Anaongea na watu kama anavyoongea na ng'ombe: neno la kwanza ni neno, la pili ni fimbo. Nilikuwa na milango minne ya watu haijakamilika na mwenye mashine ya kukoboa ananidai meza. Nikaiacha yote nikapanda basi. Mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye wajukuu, naitwa kwa neno moja na naenda mbio. Nilijichukia njia nzima kutoka Igawa hadi Ipogolo.

Niseme wazi mapema ili nisionekane mnafiki: kwetu ni Kilolo, juu milimani kwenye baridi, na nilihamia kule chini Ubaruku, kwenye joto la Usangu, kwa sababu sikutaka kufanya kazi mbele ya macho ya baba yangu. Useremala alinifundisha yeye. Alinifundisha miaka sita, na katika miaka hiyo sita sikumsikia hata siku moja akisema hii umeiweza. Nilikuwa nikimaliza kigoda, anakichukua, anakigeuza miguu juu, anakiweka chini, anasema, "Kingine." Basi. Natengeneza kingine. Anakigeuza. "Kingine." Vigoda vile mama alivigawa kijiji kizima, mpaka leo kuna watu wanavikalia, na wao husema ni imara. Watu. Siyo yeye.

Na bunduki ndiyo kabisa, hatukuruhusiwa hata kuisogelea. Ilikuwa ya kijeshi, ya vita vya wazungu vya zamani, ndefu, nzito, ina komeo la chuma upande wa kulia na namba zilizochongwa ubavuni. Babu alipewa na mzungu wa tumbaku, ambaye yeye babu alikuwa akimlindia shamba dhidi ya nguruwe pori. Kibali cha kuimiliki kilikuwa kwa jina la babu. Babu alipokufa, baba alitakiwa kuipeleka kituoni. Hakuipeleka. Akaificha, miaka nenda miaka rudi, mwishowe chini ya ghala la mahindi, na mchwa wakaikuta huko.

Nilipofika nilimkuta ameketi kibarazani, amevaa lile koti lake zito, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho kiasi kwamba alinitambua kwa mwendo. Miguuni pake, juu ya gunia, bunduki. Chuma chote kizima. Ila ule ubao mrefu unaoanzia begani kwa mpigaji, ukapita chini ya chuma mpaka karibu na ncha ya mtutu, ule ambao yeye anauita mti wa bunduki, ulikuwa umeliwa. Nusu ilikuwa unga. Nusu nyingine ilishikamana kwa sababu ya ukaidi tu.

"Kamwene," akanisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Utatengeneza mwingine."

Dada yangu, mkubwa wangu, ndiye anayekaa naye tangu mama alipofariki. Alitoka jikoni anafuta mikono kwenye khanga akanieleza lililotokea. Mtendaji wa kijiji alipita na kipaza sauti: mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe kituoni kabla ya mwisho wa mwezi, hatashtakiwa, hataulizwa. Silaha zote zitakazokusanywa zitakatwakatwa na kuyeyushwa. Baba alisikia, akakubali kuisalimisha.

"Sasa kama inakwenda kukatwa," nikasema, "mti mpya wa nini?"

Dada akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Muulize mwenyewe."

Nikamuuliza.

"Baba yangu alipewa bunduki," akasema. "Hakupewa chuma chakavu. Mimi sipeleki mifupa serikalini. Itakwenda nzima, nitaikabidhi kwa mkono wangu, nao wataiandika hivyo. Baada ya hapo waikate, waipike, waile, shauri yao."

Hivi kweli! Wiki tatu za kazi, mbao ya mninga, patasi, msasa, kwa ajili ya kitu ambacho kitakatwa siku hiyohiyo. Nilitaka kumwambia, baba, huu ni upuuzi. Sikumwambia. Na sitasingizia heshima. Nilinyamaza kwa sababu nilipotazama chuma kile kikiwa pale juu ya gunia, nikawaza: hii ndiyo kazi ambayo hataweza kuigeuza miguu juu na kusema kingine. Hakutakuwa na kingine. Hapa atasema neno, apende asipende. Mzee mzima mimi, nilikuwa na njaa ya neno la baba yangu kama mtoto wa darasa la pili.

Kwa kuwa bunduki yenyewe haikuweza kusafirishwa, niliilaza juu ya karatasi ya mfuko wa saruji nikachora umbo lake lote, nikapima kila kona, nikachukua na vipande vya mti wa zamani vilivyokwisha kudondoka kama kielelezo. Nikarudi Ubaruku. Mninga nilikuwa nao, ubao uliokaa kibandani kwangu miaka minne kwenye joto lile, mkavu mpaka ukiugonga unalia. Niliuchonga jioni, kazi za watu nikiziweka kando, na watu wakinitukana kwenye simu. Na hapo ndipo nilipofanya kosa, kosa la kipumbavu, la mtu anayejua.

Kila seremala wa kwetu anajua kwamba mbao iliyokaukia Usangu ikipanda milimani inavimba. Mimi mwenyewe nimewahi kuuza mlango uliopelekwa Mafinga, mwenye nao akanipigia simu mwezi wa sita akisema umegoma kufunguka, yuko ndani. Tunajua. Ndiyo maana tunaacha nafasi, upana wa ukucha hivi. Lakini baba alikuwa amenipa sharti moja tu: "Chuma kisicheze. Kikicheza ndani ya mti, hiyo ni fimbo." Nami nikataka kumwonyesha. Sikuacha nafasi hata ya karatasi. Nilichonga kwa kipimo kamili, kwa kiburi kamili, nikaufunga kwenye kiroba nikapanda nao basi. Konda akaushika ukamtia wasiwasi, akauliza, "Mzee, hii ni nini?" Nikamwambia ni mwiko wa ugali wa shule ya bweni. Akaamini.

Nilifika Kilolo siku ya Jumatatu, mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka kwenye mlango wa jiko. Nikasema, baba, leo hii hii naivalisha. Zimebaki siku tisa.

"Hapana," akasema. "Kwanza babu yako ataarifiwe."

Sasa hapo ieleweke: baba yangu ni mzee wa kanisa. Mlutheri, wa benchi la mbele. Matambiko ameyapiga vita maisha yake yote, amegombana na ndugu zake kwa ajili hiyo. Leo anataka silaha ya baba yake isifunguliwe hata skrubu moja kabla ya kumwaga komoni, pombe yetu ya kimea, kaburini.

"Hilo si tambiko?" nikauliza.

"Ni taarifa," akasema. "Ukihamisha kitu cha mtu, unamwambia."

Dada akacheka mpaka akashika mlango. "Mzee wa kanisa anatoa taarifa! Na hiyo taarifa inachachuka siku tano, nani atasaga kimea?" Lakini alisaga. Alikoroga pombe ile huku anasema kama redio, na akaikoroga vizuri.

Siku tano. Nilimwambia baba kwamba mbao hii haijawahi kuona baridi, inakunywa ukungu, tukingoja haitaingia. Akanijibu haraka haraka haina baraka. Msemo huo sijawahi kuupenda; ni wa watu ambao kazi inafanywa na wengine. Niliuweka mti karibu na jiko ukaanza kujipinda, nikautoa. Nikauweka chumbani, ukanywa ukungu. Asubuhi nilikuwa naupapasa na kuusikia unanenepa. Jumamosi tulikwenda kaburini, baba akamimina komoni kidogo, akasema kwa Kihehe kwamba tunaipeleka, usidhani imeibiwa, tumeivisha vizuri. Kisha akasali Baba Yetu, nadhani ili kusawazisha mambo. Nilisimama pale nimekunja uso kwa hasira. Vizuri gani, na bado hatujaivisha chochote?

Mchana ule nikaanza. Nilifungua skrubu, nikatoa chuma kwenye yale mabaki, nikakisafisha, nikakilaza juu ya mti mpya. Hakikuingia hata robo.

Kuna njia moja tu ya kazi ya namna hiyo, na ni ya kutesa. Unawasha koroboi, unapitisha chuma juu ya moshi wake mpaka kinashika masizi. Unakilaza ndani ya mti, unakibana, unakitoa. Palipogusa panabaki peusi. Unachukua patasi unakwangua ile sehemu nyeusi tu, unyoya wa mbao, basi. Unarudia. Masizi, laza, bana, toa, kwangua. Ukikwangua sana mara moja, umeharibu, chuma kitacheza na hakuna wa kuirudisha ile mbao. Nilirudia mara arobaini siku ile, na Jumapili baba akanikataza kufanya kazi. Jumatatu nikaanza tena. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi mpaka chai ikawa na ladha ya moshi.

Naye alikaa hapo hapo karibu yangu, haoni, amekunja mikono kwenye koti. Alikuwa anasikiliza. Kila nilipobana alitega sikio. "Bado. Inalalamika nyuma." Nami natazama, kweli, peusi nyuma. "Bado. Sasa ni ubavu wa kulia." Kweli. Nilichukia jinsi alivyokuwa sahihi. Kipofu wa watu, amekaa kwenye kigoda, ananifundisha tena kazi yangu.

Kufika saa kumi ilibaki kama unene wa shilingi. Nikaona hapa ni nyundo tu. Nikachukua nyundo ya mti, nikainua.

"Usipige," akasema.

"Baba, imebaki kidogo."

"Usipige. Utaupasua."

Hapo ndipo nilipolipuka. Sijawahi kumpandishia baba yangu sauti, na siku ile nilimpandishia mpaka kuku wakakimbia. Nilimwambia mimi ni fundi, nina miaka thelathini natoa milango inayofungwa na watu wenye akili zao, nimeacha kazi zangu wiki nne kwa ajili ya bunduki ambayo maisha yangu yote sikuruhusiwa kuigusa, na leo naruhusiwa kuigusa kwa sababu inakwenda kutupwa. Nikamwambia, "Ungenambia mara moja tu, mara moja, kwamba kitu nilichotengeneza ni kizuri. Ungepungukiwa nini?"

Dada alitoka jikoni akasimama. Baba hakugeuza hata shingo. Alinyoosha mkono, akapapasa, akaipata nyundo, akaitoa mkononi mwangu akaiweka chini ya kigoda chake.

"Kwangua," akasema.

Nikakwangua. Nilikwangua kidogo kidogo kwa sababu niliogopa hasira yangu yenyewe. Mara saba tena. Mara ya nane akasema lete, akaweka viganja vyake juu ya chuma, nami nikaweka vyangu mbele, tukakandamiza pamoja kama watu wanaokanda unga mgumu. Kikaingia. Kiliingia taratibu, na sauti moja ya chini, tup, kikatulia. Nilijaribu kupitisha jani la nyasi kati ya chuma na mti, halikupita mahali popote. Hata mimi nilishangaa. Nina kazi nyingi nzuri nyuma yangu, lakini ile sitairudia.

Baba akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ule mstari ambapo chuma kinakutana na mti, polepole, kutoka nyuma mpaka mbele, akarudi nao upande wa pili. Nilisimama namngoja. Dada naye anangoja.

"Skrubu," akasema.

Nikaleta skrubu.

Nilikaza zote, nikarudisha komeo, nikaupaka mti mafuta ya alizeti yaleyale ya kupikia mpaka ukang'aa mwekundu. Usiku ule nililala bila kumwambia mtu kwaheri ya kulala.

Jumatano tulikwenda kituoni, mimi na yeye. Alikuwa amenyolewa ndevu na amevaa suti yake ya kanisani. Uani palikuwa na turubai na juu yake rundo la magobore, vyuma vya mabomba, vipande vyenye kutu vilivyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mezani alikaa askari kijana, mpole kwa kweli, sina ugomvi naye. Baba alivua kofia. Alishika bunduki kwa mikono miwili, akavuta komeo nyuma kuonyesha kwamba haina kitu, kisha akainyoosha mbele, akangoja. Nadhani alitegemea yule kijana asimame.

"Weka tu hapo mzee, asante kwa ushirikiano," kijana akasema huku anaandika. Akajaza fomu, akagonga muhuri, akakata nakala akanipa mimi. Nami ndiye niliyeiweka bunduki juu ya turubai, kwa sababu baba hakuona ni wapi.

Tulipofika nje, kwenye kivuli cha ukuta, alisimama. "Nisomee."

Nikasoma jina lake, kijiji, tarehe, bunduki moja ya zamani.

"Hali," akasema. "Soma walipoandika hali."

Palikuwa pameandikwa: mbovu. Herufi tano, kwa kalamu ya bluu. Baadaye niliambiwa waliandika hivyo kwenye fomu zote, kila kitu kilichofika pale kilikuwa kibovu, ndivyo walivyoelekezwa wajaze. Sikujua. Nilichojua pale ukutani ni kwamba mtu ametazama kazi yangu na kuiita mbovu, na baba yangu ananingoja nimsomee. Nilijiambia namwonea huruma yeye. Uongo mtupu. Sikutaka neno lile litoke kinywani mwangu liingie sikioni mwake kuhusu mikono yangu.

"Nzima," nikasema.

"Soma tena."

"Hali: nzima."

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Halafu, Mungu nisamehe, alifurahi. Njia nzima aliniongelesha. Alinieleza jinsi babu alivyokuwa akilala shambani kwenye baridi na ile bunduki ndani ya blanketi ili isipate umande. Mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Alininunulia chai na chapati mbili, akanihimiza nile zote. Ile ndiyo siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa na baba yangu, na niliinunua kwa uongo.

Nikarudi Ubaruku. Yapata miezi miwili baadaye, simu ikaita, yeye.

"Imeandikwa mbovu," akasema.

Akaniambia mwinjilisti alikuja kumtembelea, akamtolea ile karatasi amsomee, asikie tena. Alitaka tu kusikia tena.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Kwa nini hukunisomea?"

"Sikutaka uumie."

"Niumie mimi?" Nilisikia anavuta pumzi. "Wewe ungenisomea pale ukutani, mimi ningerudi ndani. Ningemshika mkono yule kijana nimpeleke kwenye lile turubai, apitishe ukucha wake pale chuma kinapokutana na mti, aniambie ubovu uko wapi. Ningemwambia fundi ni huyu hapa mlangoni, ni mwanangu, na kazi kama hii sijapata kuiona, wala mimi siiwezi. Asingebadilisha, ningelala pale pale. Sasa watakuwa wamekwisha kuikata. Nitamwonyesha nani?"

Akakata simu.

Nilipiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mara ya tatu akapokea dada, nikamsikia anaongea naye pembeni, kisha akarudi kwenye simu akasema mzee anasema hawezi kuongea, hana salio. Kupokea simu hakuhitaji salio, na hilo baba yangu analijua.